Ubingwa wa Thunder ulijengwa na walioachwa

Kuna maelezo mepesi kuhusu ubingwa wa Oklahoma City Thunder katika NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, msimu wa 2024-25, na hapa Arusha nayasikia kila vijana wa kikapu wanapokaa pembeni ya uwanja kuvuta pumzi. Thunder, wanasema, walikubali kufungwa makusudi miaka miwili, drafti, yaani zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya kila mwaka ambapo waliofungwa sana huwa na nafasi nzuri ya kuchagua mapema, ikawapa vijana wenye vipaji, wakasubiri wakomae, wakabeba kombe. Maelezo haya yameshika kwa sababu yana ukweli ndani yake. Msimu wa 2020-21 Thunder walishinda mechi 22 na kupoteza 50. Uliofuata wakashinda 24, wakapoteza 58. Misimu mitatu mbele wakashinda 68 na kupoteza 14 tu, na alfajiri ya Jumatatu, Juni 23, 2025, kwa saa zetu, wakaifunga Indiana Pacers 103-91 katika mechi ya saba na ya mwisho ya fainali. Ukizipanga namba hizo zikafuatana, kufungwa kunaonekana ndiko kulikozaa ubingwa.

Siyakubali, na sababu yangu si ushabiki. Kijana anayeyaamini maelezo hayo anajifunza kwamba kikapu ni mchezo wa waliokwisha kuchaguliwa, na kama jina lako haliko juu kwenye orodha ya mtu fulani, jasho lako ni la bure. Mwalimu wa michezo anayeyaamini naye anajifunza kwamba kazi yake ni kumtafuta mtoto mrefu kuliko wote na kumpa mpira. Msimu wa Thunder unasema kinyume cha yote mawili, na ushahidi uko wazi kwa yeyote atakayeipitia timu ile jina kwa jina.

Tuanze na Shai Gilgeous-Alexander, maana bila yeye hakuna mjadala. Kwenye drafti ya 2018 alichukuliwa wa 11 na Charlotte, na usiku uleule akapelekwa Los Angeles Clippers. Oklahoma alifika Julai 2019, wakati Clippers walipomtaka Paul George kwa udi na uvumba. Ili wampate, walimtoa Shai, wakamtoa Danilo Gallinari, wakatoa na nafasi tano za kuchagua kwenye raundi ya kwanza za miaka iliyokuwa ikija, na juu yake haki mbili za kubadilishana nafasi. Timu iliyompokea Shai haikuwa ya kufungwafungwa. Msimu uliotangulia ilikuwa imeshinda mechi 49, na msimu wake wa kwanza pale, akicheza na Chris Paul, ilifika mtoano na kuilazimisha Houston Rockets kucheza mechi ya saba. Kwa hiyo mchezaji bora wa ubingwa huu aliletwa na timu iliyokuwa ikishinda.

Jalen Williams, mtu wa pili kwa uzito katika kikosi, alichaguliwa wa 12 mwaka 2022. Wengi hapa husema ni zawadi ya ule msimu wa kushinda mechi 24. Siyo. Nafasi ile ya 12 ilikuwa ya Clippers, moja ya zile tano za Paul George. Luguentz Dort, ambaye msimu ule wa ubingwa alitajwa kwenye kikosi cha kwanza cha walinzi bora wa ligi, alikaa usiku mzima wa drafti ya 2019 bila kusikia jina lake. Aaron Wiggins alichaguliwa wa 55, mlangoni kabisa pa kutokea. Isaiah Joe aliachwa na Philadelphia mwaka 2022, Thunder wakamwokota. Isaiah Hartenstein alichaguliwa wa 43 mwaka 2017, akazunguka timu kadhaa kabla ya kusajiliwa akitokea New York mwaka 2024. Hao ndio waliocheza fainali.

Kufungwa kulileta nini, basi? Kulimleta Chet Holmgren, chaguo la pili mwaka 2022, na hapo nakubali bila ubishi. Kulimleta pia Josh Giddey, chaguo la sita mwaka 2021, yaani tunda la kwanza kabisa la msimu ule wa vipigo 50. Giddey hakuwepo kwenye ubingwa. Juni 2024 Thunder walimpeleka Chicago, wakachukua mtu mmoja tu badala yake: Alex Caruso, mwenye miaka 30, ambaye hakuna timu iliyomtaja kwenye drafti ya 2016 na ambaye alianzia maisha ya kulipwa kwenye ligi ya maendeleo, tena katika timu ndogo ya Thunder wenyewe. Kijana waliyempata kwa kufungwa walimtoa ili wampate mtu asiyetakiwa na yeyote. Kwangu mimi hakuna uamuzi unaoueleza msimu ule vizuri kuliko huo.

Na kama kufungwa kungekuwa dawa, wapo waliokunywa chupa nzima. Sacramento Kings walikaa misimu 16 mfululizo bila kuuona mtoano, kuanzia 2007 mpaka 2022, wakichagua vijana wa nafasi za juu karibu kila mwaka, na mpaka leo wanahesabu mechi za mtoano kwa vidole. Washington Wizards walipoteza 67 msimu wa 2023-24 na 64 msimu uliofuata.

Desemba 2, 2021, Memphis Grizzlies waliwafunga Thunder 152-79. Tofauti ya pointi 73, kubwa kuliko zote katika historia ya NBA. Aprili 20, 2025, mechi ya kwanza ya mtoano, Thunder wakawafunga Memphis haohao 131-80. Kocha aliyesimama pembeni ya uwanja siku zote mbili ni mmoja, Mark Daigneault.

Hapo ndipo ningependa wapenzi wa michezo wa nchi hii tukae kidogo. Daigneault alipewa timu Novemba 2020, akiwa na miaka 35, baada ya kuifundisha timu ndogo, Oklahoma City Blue, kwa misimu mitano. Hakuwahi kucheza NBA. Miaka yake miwili ya kwanza alishinda mechi 46 na kupoteza 108, na kile kipigo cha pointi 73 kimo humo. Ni klabu gani ya kwetu, ya mchezo wowote, ingemvumilia? Sisi kocha akitoka sare tatu, simu za redio zinajaa watu wanaotaka aondoke, na viongozi wanawasikiliza. Sam Presti, meneja mkuu wa Thunder tangu 2007, alimwacha afundishe. Msimu wa tatu Thunder wakashinda 40, wa nne 57 na Daigneault akapewa tuzo ya kocha bora wa ligi, wa tano kombe. Ukiuliza miaka ile ya vipigo ilizaa nini, jibu langu ni kwamba ilizaa kocha anayewajua wachezaji wake, na wachezaji waliozoea mfumo mmoja mpaka wakaweza kuucheza bila kuambizana.

Inafaa kukumbuka pia kwamba Oklahoma City si New York. Sensa ya Marekani ya 2020 iliukuta mji huo na watu wapatao 681,000, na Jiji la Arusha kwenye sensa ya 2022 lilikuwa na zaidi ya laki sita. Kwa ukubwa wa mji, tunakaribiana. Nyota mkubwa akiwa huru hachagui kwenda kuishi Oklahoma. Kevin Durant, waliyemlea wenyewe, aliondoka mwaka 2016 bila timu kupata chochote. Arusha na Moshi tunalijua hilo kwa uchungu. Kijana akianza kujulikana hapa, Dar es Salaam inamwita, na anaenda kwa sababu ligi yenye watazamaji iko kule. Mji wa namna hii una njia moja tu ya kuaminika: kumfundisha aliyepo, halafu kumfundisha anayemfuata.

Sasa uwanjani. Msimu ule Thunder walimaliza mechi 82 wakiwa na wastani wa kuwazidi wapinzani kwa pointi 12.9 kila mechi. Rekodi ya zamani, 12.3, ilikuwa ya Los Angeles Lakers wa 1971-72, timu iliyoshinda mechi 33 mfululizo. Rekodi ya miaka 53 ikavunjwa na kikosi chenye wastani wa umri wa chini ya miaka 26. Shai aliongoza ligi kwa kufunga, pointi 32.7 kwa mechi, na video zake za kusimama ghafla na kuachia mtupo wa kati zimejaa kwenye simu za vijana wote ninaowafahamu. Lakini tofauti ya pointi 12.9 haitengenezwi na mtu mmoja anayefunga. Thunder ndio waliopoteza mipira michache kuliko timu zote za ligi, na ndio waliowafanya wapinzani wapoteze mingi kuliko timu zote. Yaani kabla ya mtu yeyote hajaanza kushuti, wao tayari walikuwa na mashambulizi kadhaa ya ziada mfukoni.

Ukiwatazama bila kuufuata mpira, ukawatazama wale wanne ambao hawamkabi mwenye mpira, unaona jinsi inavyofanyika. Mikono haishuki. Mchezaji aliye upande wa pili wa uwanja amekwishaingia hatua mbili ndani kuelekea kwenye kikapu, jicho moja kwa mtu wake, jingine kwenye mpira. Mpira ukiingia ndani, watatu wanamfunika mpokeaji. Ukitoka, kila mmoja anakimbilia mtu aliye karibu naye hata kama si wake, na aliyebaki nyuma anajaza pengo. Pasi inayoruka juu ya vichwa inaguswa kwa ncha ya kidole tu, inapunguza mwendo, mwingine anaidaka. Kwenye karatasi ya takwimu aliyeidaka ndiye anayeandikiwa kupokonya. Yule wa kidole haandikiwi kitu. Timu hii imeshinda ubingwa kwa kazi isiyoandikwa.

Mfano mzuri kuliko yote ni Mei 18, mechi ya saba dhidi ya Denver Nuggets. Nikola Jokić, senta wa Denver, ana urefu wa mita 2.11 na uzito unaokaribia kilo 130, na mechi sita zilizotangulia alikuwa amewachosha masenta wote wawili wa Thunder. Daigneault akamweka Caruso amkabe. Caruso ana mita 1.96 na kilo zisizozidi 90. Hakusimama nyuma ya Jokić kama tunavyofundishwa, kifua kwa mgongo, kumsukuma asiingie; angeliwa mzima mzima. Alisimama mbele yake, kati ya Jokić na mpira, mkono mmoja umeinuliwa kwenye njia ya pasi, mwingine unapapasa nyuma kumhisi anakoelekea. Ili mpira umfikie Jokić ilibidi urushwe juu, na huko nyuma Holmgren au Hartenstein alikuwa ameshausubiri. Denver, timu inayoishi kwa pasi, wakaanza kusitasita. Anayeshika mpira anatazama, anaona mkono, anageuka, sekunde zinakwenda. Matokeo yalikuwa 125-93. Jokić alifunga pointi 20, na kwa mtu wa kiwango chake katika mechi ya kufa au kupona hizo ni chache.

Tangu Novemba walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba hawategemei urefu. Hartenstein alivunjika mkono kabla ya msimu kuanza. Novemba 10 Holmgren akaanguka vibaya wakicheza na Golden State na kuvunjika mfupa wa nyonga. Kwa siku kadhaa Thunder hawakuwa na senta hata mmoja mzima, ikabidi Jalen Williams, wa mita 1.96, aruke mpira wa kuanzia mechi na kuwakaba watu waliomzidi kichwa kizima. Timu nyingi zingelia. Wao waliendelea kuongoza ligi kwa ulinzi.

Hapa lazima nimtaje Hasheem Thabeet, kwa heshima zote, kwa sababu kwetu huwezi kuzungumzia urefu na NBA bila yeye. Hasheem alizaliwa Dar es Salaam, akaanza kikapu akiwa kijana mkubwa tayari, akaenda kusoma Kenya, kisha Marekani, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika drafti nzima na Memphis. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin, wa tatu James Harden, wa saba Stephen Curry. Mtanzania pekee aliyefika kule, na hakuna mwenzetu aliyekaribia. Alikuwa na mita 2.21, na chuoni Connecticut alikuwa mlinzi bora wa ligi yao miaka miwili mfululizo. Kabla ya msimu wake wa kwanza kwisha, Memphis walimpeleka ligi ya maendeleo. Wakamhamishia Houston, Houston wakampeleka Portland, na mwisho akacheza misimu miwili, 2012-13 na 2013-14, na timu gani? Oklahoma City Thunder.

Watu wengi humtaja Hasheem kama somo la kushindwa. Nakataa kwa nguvu. Mtu aliyeanza mchezo kwa kuchelewa kiasi kile akafika nafasi ya pili duniani hajashindwa kitu. Kilichokosekana ni hiki ambacho Thunder wa leo wamekipata: muda mrefu mahali pamoja, chini ya kocha mmoja, katika mfumo mmoja. Alipewa urefu kama sifa na urefu kama lawama, na katikati hapakuwa na miaka mitatu ya utulivu ya kujifunza. Mlinganishe na Holmgren, chaguo la pili vilevile, mrefu na mwembamba vilevile. Huyu aliumia mguu kabla hajacheza mechi hata moja, akakosa msimu wote wa 2022-23, na hakuna aliyezungumza habari ya kumhamisha. Akakosa karibu miezi mitatu tena msimu wa 2024-25. Katika mechi ya saba ya fainali alifunga pointi 18 na kuzuia mitupo mitano, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa katika mechi ya saba ya fainali.

Haimaanishi kwamba Thunder hawakuwa na udhaifu. Walikuwa nao, na ulionekana mapema. Desemba 17, kwenye fainali ya Kombe la NBA, shindano la katikati ya msimu, kule Las Vegas, Milwaukee waliwafunga 97-81. Siku hiyo walirusha mitupo 32 ya pointi tatu wakapata mitano. Nilivyoiona mechi ile, tatizo halikuwa bahati mbaya ya mikono. Kila ulinzi wa Milwaukee ulipobana, mtu alichukua mtupo wa mbali wa haraka kana kwamba anautua mzigo. Hakuna aliyetaka kuingia ndani kugongwa. Mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya Indiana ikaleta udhaifu mwingine. Thunder waliwafanya Pacers wapoteze mpira zaidi ya mara 20, wakaongoza kwa pointi 15 katika robo ya nne, kisha wakaanza kucheza kama watu wanaoitazama saa. Tyrese Haliburton akafunga zikiwa zimebaki sekunde 0.3, 111-110. Pacers waliongoza mechi nzima kwa hizo sehemu tatu za sekunde.

Kwa hiyo mechi ya nne, Indianapolis, ndiyo iliyonishawishi. Thunder walikuwa nyuma kwa mechi 2-1, na wakaingia robo ya mwisho nyuma 87-80. Kama wangepoteza, ingekuwa 3-1, na kwa kweli ingekuwa imekwisha. Mitupo ya pointi tatu ilikuwa imewakimbia kabisa. Walimaliza mechi na mitatu tu, michache kuliko hata ile ya Desemba. Tofauti ni walichofanya walipoona haiingii. Waliingia ndani. Walikwenda kwenye mstari wa mitupo huru mara 38 na kufunga 34. Shai, aliyemaliza na 35 bila pasi hata moja ya kumfungisha mwenzake, alifunga 15 katika dakika tano za mwisho, na baadhi ya hizo ni kwa kupenya na kusimama hatua chache kutoka kwenye kikapu huku mkabaji amemgandia. Caruso alifunga 20 na kupokonya mipira mitano. Robo ile Indiana, timu iliyokuwa ikifunga kwa kasi kuliko karibu kila mtu katika mtoano, ilipata pointi 17. Matokeo 111-104. Daigneault vilevile alimrudisha Hartenstein kuanza mechi hiyo baada ya kumweka benchi kwenye mechi tatu za mwanzo, na nalitaja hilo makusudi, ili mtu asidhani nasema urefu hauna kazi. Una kazi, kocha akijua anautaka kwa ajili ya nini.

Kuna swali la haki kuhusu mechi ya saba. Haliburton alianza akiwa moto, pointi tisa kwa mitupo mitatu ya mbali, kisha katika robo ya kwanza hiyohiyo kano ya kisigino ikakatika, akaanguka akiupiga uwanja kwa kiganja. Alikuwa amecheza akijua mguu una tatizo, na iliniumiza kumtazama. Je, Thunder wangeshinda kama angebaki? Pacers walikwenda mapumziko wakiongoza 48-47 bila yeye, kwa hiyo anayesema wangeweza kubeba kombe hasemi upuuzi. Ninachoweza kusema ni kwamba robo ya tatu Thunder walishinda 34-20, na walivyoishinda ni vilevile walivyoshinda msimu mzima: Pacers walipoteza mpira zaidi ya mara 20 katika mechi hiyo, Thunder chini ya mara 10. Jalen Williams alifunga 20 mkono wake ukiwa na kano iliyochanika kwenye kifundo cha mkono, jambo lililojulikana baadaye. Katika mechi ya tano, na mkono huohuo, alikuwa amefunga 40.

Kuhusu malalamiko kwamba Shai anatafuta filimbi, sitakaa sana. Anajua kuuweka mwili mahali ambapo mkabaji hana budi kumgusa, na waamuzi humpa. Mtu anayemaliza msimu mmoja akiwa mfungaji bora wa ligi, mchezaji bora (MVP) wa msimu na MVP wa fainali, jambo lililowahi kufanywa na Kareem Abdul-Jabbar, Michael Jordan na Shaquille O'Neal peke yao, hakubebwa na filimbi.

Nirudi nyumbani. Mashindano ya UMISSETA, ya michezo ya shule za sekondari, yanapokaribia, uchaguzi wa timu za wilaya na mkoa hufanyika kwa siku chache, na katika siku hizo mrefu ana nafasi ya kwanza, anayefunga ana ya pili. Nawaelewa walimu wetu wa michezo. Muda ni mfupi, mpira wenyewe mara nyingine ni mmoja, masika inamwagika Machi mpaka Mei na uwanja wa saruji ukilowa hakuna mazoezi, na ringi iliyopinda haimsaidii mtu kushuti. Katika mazingira hayo, mtoto wa mita 1.90 anaonekana kuwa njia ya mkato. Lakini tazama kinachomtokea kijana wa Ngarenaro au wa Majengo kule Moshi mwenye mita 1.70 na miguu isiyochoka, anayeweza kumkaba mtu kutoka ringi mpaka ringi. Hachaguliwi mwaka wa kwanza. Wa pili haji kabisa. Anabaki akishuti peke yake jioni, akiiga ule mtupo wa Shai, kwa kuwa ameelewa kwamba kinachotazamwa ni kufunga. Na yule mrefu aliyechaguliwa anawekwa chini ya ringi, anaambiwa anyanyue mikono, basi. Hafundishwi miguu, hafundishwi kusoma pasi. Tunawapoteza wote wawili.

Ulinzi hauhitaji ringi nzima. Hauhitaji hata ringi. Unahitaji mstari wa chaki, watu wanne na mwalimu mwenye subira ya kurudia kitu kilekile mwezi mzima: teleza usivuke miguu, jicho kwa mtu na kwa mpira, mkono kwenye njia ya pasi, sauti. Unaweza kufundishwa kwenye ukumbi wa kanisa mvua ikinyesha. Olmoti, hapa Arusha, imepewa mradi wa uwanja mkubwa wa soka kwa ajili ya AFCON ya 2027, nami naufurahia kama mkazi yeyote wa Arusha, lakini kikapu hakihitaji kusubiri mradi wa ukubwa ule ili kianze kuzaa wakabaji.

Pendekezo langu kwa wanaoandaa mashindano ya kikapu Arusha na Moshi ni dogo na linaweza kuanza kwenye mashindano yajayo. Karibu kila bonanza huwa na zawadi ya mfungaji bora. Pawe na ya mkabaji bora, yenye fedha sawa na hiyo, na isitolewe kwa kukisia. Mezani aongezwe mtu mmoja, mwanafunzi yeyote anayejua kuhesabu, mwenye daftari lenye majina na safu tatu: pasi iliyoguswa, mpira uliopokonywa, mpinzani aliyelazimika kuurudisha mpira nyuma. Mwishoni mwa kila mechi hesabu isomwe kwa kipaza sauti pamoja na pointi, jina kwa jina, na daftari lile wapewe walimu wanaochagua timu ya mkoa walipitie kabla hawajaandika orodha yao.